Trekta Linalowaka Likitaka: Namna ya Kuisaka Hitilafu Inayojificha

Mvua za kwanza zinapoanguka mkoani Kigoma, mwishoni mwa Oktoba au katika mwezi wa Novemba, mkulima huwa hana siku za kupoteza. Udongo uliokuwa mgumu kama tofali hulainika, magugu huanza kuchipua, na kila wiki ipitayo bila kulima ni wiki iliyopunguzwa katika maisha ya mahindi au mpunga. Siku hizo hizo ndizo trekta kuukuu hupenda kuzichagua ili kugoma.

Tuchukue mfano. Trekta moja la injini ya dizeli yenye silinda tatu, la aina iliyoenea sana katika Afrika ya Mashariki tangu miaka ya 1960, linalima kwa kukodishwa katika bonde la mto Luiche, kusini ya mji wa Ujiji. Jana asubuhi liliwaka mara moja. Mchana dereva alilizima ili apate chakula. Aliporudi na kuzungusha ufunguo, ulisikika mlio mfupi, “tak”, kisha kimya. Taa zake zilikuwa zikiwaka vizuri. Alijaribu mara ya pili, ya tatu na ya nne. Mara ya tano injini ikaunguruma kana kwamba haijapata kuwa na kasoro yoyote. Leo limegoma tena. Fundi ameitwa kutoka mjini. Amefika, amezishika na kuzitikisa kebo za betri ili azitazame, na trekta limewaka papo hapo.

Hitilafu ya namna hii huwachosha watu kuliko uharibifu kamili. Mashine iliyokufa kabisa hukaa mahali pake ikingoja kuchunguzwa, lakini hitilafu inayokuja na kutoweka humkimbia mchunguzi. Matokeo yake ni betri mpya kununuliwa bila sababu, starta kufunguliwa bila sababu, na mwisho trekta kupewa jina la kuwa na mkosi. Jambo lililo baya zaidi ni kwamba watu huanza kutumia njia za mkato za kuliwasha, na njia hizo zimekwisha kuua. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba hitilafu inayojificha ina kanuni zake, na kwamba kanuni hizo ni zile zile anazojifunza mwanafunzi wa sekondari katika somo la fizikia.

KAZI YA STARTA

Injini ya dizeli haina plagi ya kutoa cheche. Hewa iliyomo ndani ya silinda hubanwa na pistoni mpaka ujazo wake unakuwa kama sehemu moja ya kumi na sita ya ujazo wa awali, au pungufu zaidi. Hewa inayobanwa kwa haraka hupata joto, kama mtu yeyote aliyejaza upepo katika gurudumu la baiskeli na kugusa pampu anavyojua. Katika injini nzima joto hilo hupita nyuzi 500 za Selsiasi. Dizeli ikinyunyizwa humo huwaka yenyewe.

Lakini ili hayo yatokee, sharti injini izungushwe kwa kasi ya kutosha, yaani mizunguko mia moja au zaidi kwa dakika. Ikizungushwa polepole, hewa hupata nafasi ya kuvuja kandokando ya pistoni, na joto hupata nafasi ya kukimbilia katika chuma cha silinda. Hapo dizeli haiwaki. Hapo kale kazi ya kuzungusha injini ilifanywa kwa mkono, na mkono ulivunjika mara nyingi. Ndiyo maana starta ya umeme iliyobuniwa na Mmarekani Charles Kettering, na kuwekwa katika motokaa za Cadillac za mwaka 1912, ilipokewa kwa furaha kubwa.

Starta ni mota fupi yenye nguvu nyingi. Umeme wake hutoka katika ncha chanya ya betri, hupita katika kebo nene, huingia katika swichi ya sumaku ambayo mafundi huiita solenoidi, kisha huingia ndani ya starta yenyewe. Baada ya hapo hurudi kwa kupitia mwili wa chuma wa trekta, hufika katika kebo ya pili, na kuingia katika ncha hasi ya betri. Wengi huusahau mkono huu wa pili wa safari. Umeme ni kama msafiri ambaye sharti arudi nyumbani: njia ya kurudi ikizibwa, hata ile ya kwenda haimfai kitu.

KWA NINI TAA HUWAKA NA STARTA HUGOMA

“Betri ni nzima, kwani taa zinawaka.” Maneno haya husikika katika kila gereji. Ni maneno ya kweli nusu, na ile nusu isiyo kweli ndiyo inayopoteza fedha za watu.

Mwaka 1827 Mjerumani Georg Simon Ohm alitangaza kanuni ambayo leo inabeba jina lake: volti zinazopotea katika sehemu yoyote ya njia ya umeme ni sawa na mkondo, kwa ampea, ukizidishwa kwa ukinzani wa sehemu hiyo, kwa omu. Tuseme mahali fulani katika njia ya starta pana kiungo kilicholegea au kilicholiwa na kutu, chenye ukinzani wa omu 0.02 tu. Ni ukinzani mdogo sana. Mita nyingi za gereji haziwezi hata kuuonyesha.

Taa mbili za mbele zinahitaji ampea 8 hivi. Kwa hiyo katika kiungo kile zitapotea volti 8 × 0.02, yaani 0.16. Jicho halitaona tofauti yoyote. Starta ya dizeli nayo inahitaji kama ampea 200, na inapoanza kuzunguka huhitaji zaidi. Kwa mkondo huo zitapotea volti 200 × 0.02, yaani 4. Katika volti 12 za betri, theluthi nzima imeliwa na kiungo kimoja ambacho pengine si kikubwa kuliko ukucha. Kwa hakika mkondo nao utapungua, na starta haitapata nguvu ya kuushinda mbano wa pistoni.

Basi betri iwezayo kumwangazia mvuvi wa dagaa usiku kucha ziwani si lazima iweze kuzungusha injini, na kebo ifaayo kwa taa si lazima ifae kwa starta. Taa hupima kama umeme upo. Starta hupima kama njia ni pana.

Volti zilizopotea hazikutoweka bure. Zimegeuka kuwa joto. Nguvu ya joto hilo ni volti 4 mara ampea 200, yaani wati 800, sawa na jiko dogo la umeme. Ndiyo sababu kiungo kibovu hupata moto katika sekunde chache tu za kujaribu kuwasha. Ishara hii tutaitumia hapa chini.

KWA NINI HUJA NA KUTOWEKA

Nyuso mbili za chuma zinazogusana hazigusani kila mahali. Zikitazamwa kwa hadubini huonekana kama milima miwili iliyopinduliwa mmoja juu ya mwingine: hugusana vileleni tu. Kutu, rangi au masizi yakiingia kati, vilele vinavyogusana hubaki vichache. Mtikiso wa plau ukivisogeza, mguso hupotea. Ufunguo ukizungushwa mara nne au tano, mkondo hupasha moto vilele vilivyobaki, navyo hulainika na kushikana. Mara ya tano injini huwaka. Mguso huo hudumu mpaka mtikiso mwingine uuvunje.

Sasa tunaweza kuelewa kilichompata fundi wetu wa Luiche. Aliposhika kebo ili aitazame, alikisogeza kiungo na kukitibu bila kujua. Mgonjwa alipona mbele ya mganga, na ugonjwa haukujulikana. Hapa ndipo penye somo kubwa la makala haya: *pima kwanza, gusa baadaye.*

Viungo vya kebo si mahali pekee pa maficho. Ndani ya solenoidi mna kisahani cha shaba kinachorushwa na sumaku ili kuunganisha vichwa viwili vya kebo. Kila mara cheche hula sehemu ya kisahani hicho. Kwa kuwa kisahani huweza kujizungusha kidogo kidogo, leo hutua mahali pazima, kesho mahali palipoungua. Mlio wa “tak” bila mzunguko ni dalili yake pia. Ndani ya starta mna brashi za kaboni, ambazo zikiisha hushindwa kugusa sawasawa. Starta ikisimama upande mmoja huzunguka tena, ikisimama upande mwingine hugoma.

Joto nalo lina sehemu yake. Ukinzani wa shaba huongezeka kwa kadiri ya asilimia 0.39 kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi. Koili ya solenoidi iliyo kando ya injini yenye moto, ikipanda kutoka nyuzi 25 hadi 85, huongeza ukinzani wake kwa zaidi ya asilimia 23, na mvuto wa sumaku yake hupungua. Vitabu vingi vya matengenezo viliandikwa katika nchi za baridi, na huilaumu asubuhi yenye jalidi. Kando ya Ziwa Tanganyika jalidi haipo. Trekta hugoma zaidi mchana, likiwa limetoka kazini.

Maficho mengine yamo katika meno ya flaiwili, lile gurudumu zito ambalo gia ndogo ya starta hulishika ili kuizungusha injini. Injini ya silinda tatu inapozimwa husukumwa nyuma na hewa iliyobanwa, na kwa hiyo husimama karibu na mahali patatu tu katika mzunguko, kila pamoja nyuzi 120 kutoka penzake. Kwa miaka mingi starta huyauma meno ya mahali hapo patatu, nayo huisha kabla ya mengine. Ukisikia mkwaruzo mkali badala ya mlio wa “tak”, washuku meno hayo.

KUPIMA WAKATI WA UGONJWA

Trekta liwe kwenye gia huru, breki ya mkono imefungwa, magurudumu yamewekewa mawe. Kitufe cha kuzimia injini kivutwe, ili dizeli isiingie na injini isiwake wakati wa kupima. Mtu mmoja akae kitini na kuzungusha ufunguo kwa muda usiozidi sekunde 10, kisha apumzishe starta kwa dakika moja. Mwingine ashike voltimita. Vipimo vichukuliwe wakati ufunguo umezungushwa, kwani mkondo usipopita hakuna volti zinazopotea, na kiungo kibovu huonekana kizima.

Kipimo cha kwanza ni kati ya ncha mbili za betri zenyewe. Betri iliyojaa, ikiwa imetulia, huonyesha volti kama 12.6, kwa kuwa ina seli sita na kila seli hutoa 2.1. Wakati wa kuzungusha starta isishuke chini ya 9.6 hivi. Kipimo cha pili ni kati ya ncha chanya ya betri na kichwa cha kebo kwenye starta. Kipimo cha tatu ni kati ya mwili wa starta na ncha hasi ya betri. Katika kipimo cha pili na cha tatu, volti zisizidi 0.5.

Turudi kwenye trekta letu. Siku ya tatu limegoma tena, na safari hii hakuna aliyeshika kebo. Tuseme vipimo vimetoka hivi: ncha za betri, volti 11.6, njia ya kwenda, 0.3, njia ya kurudi, 5.9. Mwanafunzi atatambua kwamba starta imebakiwa na 5.4 tu, kwa maana 0.3 na 5.9 na 5.4 jumla yake ni 11.6. Betri haina hatia. Starta haina hatia. Mwizi yumo katika njia ya kurudi.

Sasa njia hiyo igawanywe vipande. Kati ya ncha hasi na kibano chake, 0.1. Kati ya kibano na mwisho wa pili wa kebo, 0.2. Kati ya mwisho huo wa kebo na chuma cha trekta, 5.6. Chini ya bolti moja, iliyofungwa juu ya rangi miaka mingi iliyopita na kisha kuingiwa na unyevu, amepatikana mwizi aliyekaribia kuuza betri mpya.

Asiye na mita asikate tamaa. Awashe taa za mbele, kisha azungushe ufunguo akizitazama. Taa zikizimika ghafla, ashuku vibano vya betri au kebo ya kurudi. Zikififia na starta ikavuta kwa shida, ashuku betri kukosa chaji au starta kukwama. Zikibaki na mwanga ule ule, umeme haufiki kwenye starta, na ashuku solenoidi, swichi au nyaya zake ndogo. Baada ya majaribio mawili au matatu apitishe mkono kwa tahadhari kwenye viungo: kilicho na moto kuliko vingine ndicho kibaya.

KUSAFISHA NA KUHIFADHI

Kabla ya kufungua chochote, kebo hasi ya betri itolewe kwanza, na irudishwe mwisho. Moto na sigara viwe mbali, kwa kuwa betri inayochajiwa hutoa haidrojeni, ambayo hulipuka. Ukoko mweupe au wa kijani kwenye ncha za betri husafishwa kwa magadi yaliyoyeyushwa katika maji ya vuguvugu, kwa sababu magadi huiua asidi. Lakini hata tone moja lisiingie ndani ya seli. Nyuso za viungo zipigwe msasa mpaka chuma king’are, zikazwe, ndipo zipakwe grisi kwa nje.

Wakazi wa Kigoma wanao ushahidi mkubwa wa thamani ya grisi. Meli iliyokuja kuitwa Liemba iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikasafirishwa vipande vipande na kuunganishwa Kigoma. Mwaka 1916, Wajerumani walipokuwa wakiondoka, waliizamisha wenyewe, lakini kwanza waliipaka mitambo yake grisi nzito. Waingereza walipoiibua mwaka 1924, miaka minane tangu izamishwe, mitambo ilikutwa ikifaa, na mwaka 1927 meli ilianza kazi tena. Kama grisi ilizuia ziwa zima, itazuia umande wa Luiche.

Maji ya ziwa hilo, hata hivyo, yasitiwe katika betri. Ingawa yanaonekana safi na hayana chumvi ya bahari, yana madini mengi yaliyoyeyuka, magnesi ikiwamo, na pH yake ni karibu 9. Madini hayo huharibu seli. Maji yanayofaa ni yale yaliyokenekwa.

STARTA IKIZUNGUKA NA INJINI ISIWAKE

Hii ni familia nyingine ya hitilafu, na umeme mara nyingi hauhusiki. Trekta likigoma asubuhi baada ya kulala usiku, kisha likawaka vema mchana kutwa, huenda hewa inapenya katika bomba la dizeli kwenye kiungo kilicholegea. Usiku dizeli hurudi tangini na bomba hubaki na hewa. Tangi lililoachwa nusu tupu nalo hukusanya maji kutokana na unyevu wa usiku. Dawa yake ni kujaza tangi jioni, kumwaga maji yaliyokusanyika katika chujio, na kukaza viungo vya bomba.

BISIBISI INAYOUA

Tumesema kuna njia za mkato zinazoua. Iliyo maarufu ni “kupiga shoti”: mtu husimama chini, kando ya gurudumu kubwa la nyuma, na kuunganisha vichwa viwili vya solenoidi kwa bisibisi. Trekta huwaka, naye huonekana fundi hodari.

Waundaji wa matrekta waliijua hatari hii zamani. Katika trekta la Ferguson TE20, lililotengenezwa tangu 1946 hadi 1956, starta iliendeshwa kwa mti wa gia wenyewe, hata isiwezekane kuiwasha injini ikiwa ndani ya gia. Matrekta ya baadaye yaliwekewa swichi ya usalama inayozuia umeme wa ufunguo mpaka gia iwe huru. Bisibisi huiruka swichi hiyo. Trekta likiwa katika gia litawaka na kuondoka papo hapo, likiwa na uzito wa tani moja na nusu au zaidi, na aliyesimama mbele ya gurudumu hana nafasi hata ya kupiga kelele. Swichi ya usalama iliyoharibika nayo husababisha trekta kugoma mara kwa mara, na wengine huiunganisha moja kwa moja ili wasisumbuke. Swichi hiyo ibadilishwe, isirukwe. Trekta liwashwe na mtu aliyekaa kitini, siku zote.

MAJARIBIO KWA WANAFUNZI

Walimu wanaweza kuyaleta haya darasani kwa betri, balbu na waya.

1. Unganisha balbu moja ndogo kwa betri kupitia msumari wenye kutu. Pima volti zinazopotea kwenye msumari. Ongeza balbu ya pili na ya tatu sambamba na ya kwanza. Kwa nini volti zinazopotea huongezeka, ilhali msumari ni ule ule?

2. Ondoa balbu zote, kisha pima tena volti kwenye msumari. Eleza kwa nini fundi anayepima bila kuzungusha starta hudanganyika.

3. Kebo ya starta ina ukinzani wa omu 0.001. Mtu ameibadilisha kwa waya mwembamba wenye urefu ule ule na eneo la mkato lililo moja ya kumi ya la kwanza. Kwa mkondo wa ampea 200, ni volti ngapi zitapotea katika kila kebo, na kila moja itatoa joto la wati ngapi?

4. Injini ya silinda nne, yenye mipigo minne, husimama karibu na mahali pangapi katika mzunguko wa flaiwili? Kwa nini si mahali pane?

Mwanafunzi atakayeyajibu maswali haya, kisha akaenda shambani kwa mzazi au jirani na voltimita mkononi, huenda akaokoa bei ya betri, wiki ya kulima, au maisha ya dereva.